UZI: Kuiandika bahari yetu kwa hesabu, na kujua nini cha kuacha nje

Kilindi (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Bahari humu tunaizungumza kwa namna mbili. Ama mtu anasimulia mawimbi ya Nungwi yalivyomfanya, ama mtu anabandika ramani ya utabiri yenye rangi nyekundu na buluu bila kusema imetoka wapi. Katikati yake ipo kazi nzima ambayo haizungumzwi: kuyageuza maji kuwa milinganyo, kuipa kompyuta, kisha kuangalia kama kilichotoka kinafanana na bahari tunayoijua. Uzi huu ni wa kazi hiyo. Nitaandika kwa vipande, mwenye swali aulize popote.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kutatua milinganyo si ndiyo shughuli, kompyuta itatatua. Shughuli ni kuamua kipi ukiache. Ukibeba kila kitu unapata modeli nzito isiyoeleza lolote. Ukiacha kisichofaa kuachwa unapata uongo wenye picha nzuri. Na sisi wa Zanzibar tuko kama digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo vya kuachwa hapa si vile vilivyoachwa na waandishi wa vitabu tunavyosomea.

Milinganyo yenyewe kwa maji yenye kina kifupi ukilinganisha na urefu wa wimbi ni miwili tu, na Laplace aliishughulikia tangu miaka ya 1770. Wa kwanza unasema maji hayapotei: yakiingia mahali mengi kuliko yanayotoka, uso unapanda. Wa pili unasema maji husukumwa na mteremko wa uso wake wenyewe. Hapo ndipo unapoongeza mzunguko wa dunia, msuguano wa chini, na upepo. Ukiiunganisha miwili hiyo bila nyongeza, inatoka kanuni fupi: kasi ya wimbi refu ni kipeuo cha pili cha (g × kina), ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia.

Sasa tuiweke kwetu. Mlango wa Unguja, baina yetu na bara, ni wa kina kifupi, sehemu kubwa mita 30 hadi 40. Mlango wa Pemba ni kilindi cha karibu mita 800. Sababu inajulikana: bahari iliposhuka kiasi cha mita 120 enzi ya barafu, Unguja ilikuwa imeshikana na bara, Pemba ilibaki kisiwa. Basi kwa mita 40 wimbi refu linakwenda kama mita 20 kwa sekunde. Kwa mita 800 linakwenda karibu mita 89 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Visiwa viwili jirani, serikali moja, halafu wimbi lile lile linakwenda zaidi ya mara nne kwa kasi upande mmoja.

Kujaa na kupwa ni wimbi pia, refu mno. Muda wake mkuu, yaani kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata, ule unaotokana na mwezi, ni saa 12 na dakika 25. Zidisha kwa mita 20 kwa sekunde, unapata urefu wa karibu kilomita 900. Mlango wetu wa Unguja hauzidi sana kilomita 100 kwa urefu. Kwa hiyo wimbi hili halionekani likitembea ndani ya mlango. Uso wote unapanda na kushuka karibu kwa pamoja. Na hapo linatoka jambo ambalo si kila mtu angelitegemea: kama uso unapanda wote kwa pamoja, maji ya kuujaza lazima yaingie kutoka ncha zote mbili, kaskazini na kusini, yakutane katikati. Katikati mkondo wa kujaa unakuwa dhaifu, kwenye ncha unakuwa na nguvu. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) ikipandisha maji mita moja na nusu juu ya wastani, kwa kina cha mita 35, hesabu ya mstari mmoja inatoa kama sentimita 30 kwa sekunde kwenye ncha. Palipobana au palipo kina kifupi zaidi, ongeza.

Hapo hatujagusa kompyuta bado.

---

Nahodha wa Magharibi

Kijana, hilo la maji kuingia kwa milango miwili sisi hatukulisoma popote lakini tunakwenda nalo. Mtu anayetoka mjini kwenda kusini maji yakijaa anajua atapambana nayo, na anayekwenda kaskazini vile vile anapambana nayo. Anangoja yaanze kupwa yamtoe. Sikuwahi kusikia mtu akilitoa kwenye hesabu. Endelea.

---

Kilindi

Shukran mzee wangu. Ushahidi wa namna hiyo ndio unaonifaa zaidi, kwa sababu modeli ikinipa jibu jingine hapo najua modeli ndiyo iliyokosea.

Nije kwenye mzunguko wa dunia, maana hapa ndipo tunapotofautiana na vitabu. Kitu kinachotembea juu ya dunia inayozunguka hupindishwa. Kwetu kusini hupindishwa kushoto. Nguvu hii ya kupindisha, iitwayo Coriolis, inategemea latitudo. Ukiwa digrii 55, kama ilivyo Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, kiwango chake kinakaribiana na kasi ya mabadiliko ya kujaa na kupwa kwenyewe, na huwezi kuiacha: maji yanazunguka vituo ambavyo uso haupandi wala haushuki. Wanafunzi wanasoma picha hiyo wakidhani bahari zote ndivyo zilivyo. Kwa digrii 6, kiwango hicho ni kama asilimia 11 tu ya kasi ya mabadiliko ya wimbi la mwezi. Upana ambao Coriolis inahitaji ili ionekane vizuri, kwa maji ya mita 40, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mlango wetu una upana wa kilomita 40 hivi. Basi kwa kujaa na kupwa ndani ya mlango wa Unguja, iache katika hatua ya kwanza. Hutapoteza kitu cha maana, na utaona wazi kinachoendelea.

Msuguano ndio usioguswa. Maji yakienda nusu mita kwa sekunde juu ya kina cha mita 30, msuguano wa chini unafika karibu theluthi ya nguvu inayoyaharakisha maji. Huwezi kuuacha. Mlango wa Pemba, kwa kasi hiyo hiyo, ni asilimia moja tu, tupa. Ghuba ya Chwaka, kina cha wastani cha mita tatu hivi, msuguano ni mara tatu ya nguvu ile nyingine, yaani huko msuguano ndio bwana wa nyumba.

Kwa hiyo ndani ya eneo ambalo boti inalikata kwa siku moja tuna bahari tatu, na kila moja inataka mlinganyo wake. Anayekuletea modeli moja yenye kiwango kimoja cha msuguano kutoka Fumba mpaka Wete, muulize vizuri.

---

Binti Chwaka

Mimi ni mwanafunzi, hesabu naziweza kiasi, na nyumbani ni Chwaka. Naomba ufafanuzi kaka. Umesema kina cha mita tatu. Lakini bamvua maji yanapanda mita moja na nusu na kushuka mita moja na nusu. Hiyo ni nusu ya kina chote! Kanuni ya kipeuo inasimamaje wakati kina chenyewe kinabadilika? Na sehemu kubwa ya ghuba maji yakipwa inakuwa mchanga mtupu, mama zetu wanakwenda kwenye mwani kwa miguu.

---

Kilindi

Umeligusa dada yangu. Hiyo nusu uliyoitaja ndiyo kipimo cha kujua kama unaweza kuandika mlinganyo mnyoofu, yaani unaochukulia kina hakibadiliki, au la. Mlango wa Pemba, mita moja na nusu juu ya 800 si kitu. Chwaka ni nusu nzima, na mlinganyo mnyoofu unakataa.

Angalia kinachotokea. Uweke uso juu: kina ni 4.5, kasi ni mita 6.6 kwa sekunde. Uso chini: kina ni 1.5, kasi ni mita 3.8. Kilele cha wimbi kinakimbia karibu mara mbili ya bonde lake. Kinalisogelea bonde lililotangulia, sehemu ya mbele ya wimbi inasimama, ya nyuma inalala. Ukisimama ufukweni utaona maji yanajaa kwa muda mfupi na kupwa kwa muda mrefu. Kwa lugha ya hesabu, wimbi la saa 12 na dakika 25 limezaa mtoto wa saa 6 na dakika 12, ambaye hayuko baharini nje. Amezaliwa ndani ya ghuba.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu kusini mwa ghuba kuna mikoko. Maji yakivuka kingo za mto na kuingia kwenye mikoko, yanatawanyika kwenye eneo pana yakiwa na kina kidogo, yanakaa. Yakianza kutoka yote yanakusanyika kwenye mfereji mmoja mwembamba, na hapo mkondo wa kupwa ndio unaokuwa mkali. Hivyo ghuba hiyo hiyo ina mielekeo miwili inayopingana, nje na ndani. Mchanga, mbegu za mikoko na mabuu ya samaki vinakwenda upande unaoshinda. Ndiyo maana mimi siipendi modeli ya Chwaka inayoukata msitu kwa mstari ulionyooka na kusema ardhi inaanzia hapa.

Kuhusu mchanga unaokauka: kwenye kompyuta ghuba inagawanywa vijisanduku, ndiyo gridi, na kila kijisanduku kinapewa kina cha chini kabisa, tuseme sentimita 5. Maji yakishuka chini ya hapo unazuia yasitoke tena kwenye kijisanduku hicho, mpaka jirani yake apande juu kuliko yeye. Ni sharti la mistari mitatu kwenye programu. Usiposhika sharti hilo utapata kina hasi, na kipeuo cha pili cha namba hasi kitaizima kazi yako yote usiku.

---

Mkojani

Sisi wa Pemba hamtutaji ila kwa kina chetu. Swali langu si la kujaa na kupwa. Ni la mawimbi yenyewe ya upepo. Kuna wakati upepo ni wa kawaida tu, hauogopeshi, lakini ukifika kwenye mkondo kaskazini ya Unguja bahari inasimama kama ukuta, mawimbi mafupi ya karibu karibu, chombo kinakwenda mrama mpaka abiria wote wanalia. Ukipita kidogo mbele, shwari. Upepo ule ule. Hesabu inasemaje?

---

Kilindi

Hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Nipe nafasi nilieleze kwa namba.

Wimbi la upepo katika maji ya kina kirefu haliisikii sakafu ya bahari. Kasi yake inategemea muda wake tu: mita 1.56 kwa sekunde, zidisha kwa sekunde za muda wake. Wimbi la sekunde 4, ambalo ni la kawaida kwa upepo wetu wa milangoni, linakwenda mita 6.2 kwa sekunde na lina urefu wa mita 25. Wimbi la sekunde 10, lile linalotoka mbali huko Bahari ya Hindi, linakwenda mita 15.6 na urefu wake ni mita 156. Nishati ya wimbi lakini haiendi kwa kasi hiyo. Inakwenda kwa nusu yake. Liweke hilo kichwani.

Sasa wimbi la sekunde 4 likutane uso kwa uso na mkondo wa mita moja kwa sekunde, yaani kama fundo mbili. Kwa mtu aliyetia nanga, muda wa wimbi haubadiliki: mawimbi yanayoingia kwa dakika ndiyo yanayotoka. Kinachobadilika ni urefu. Wimbi linabanwa kutoka mita 25 hadi mita 16. Na nishati yake, kwa kuwa inarudishwa nyuma na mkondo, inarundikana. Longuet-Higgins na Stewart walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba wimbi na mkondo vinapeana nishati, na wimbi linalopinga mkondo ndilo linalopokea. Ukifuata hesabu yao, kimo kinapanda mara 1.6. Wimbi la mita moja linakuwa mita 1.6, juu ya urefu wa mita 16 badala ya 25. Mwinuko wake, yaani kimo kugawa kwa urefu, umezidi mara mbili na nusu. Hujaongeza upepo hata kidogo.

Uongeze mkondo ufike robo ya kasi ya wimbi, yaani mita 1.56 kwa sekunde kwa wimbi letu hili, fundo tatu. Hapo nishati haiwezi kusonga mbele tena. Wimbi limezuiliwa. Haliendi, linavunja pale pale. Huo ndio ukuta wako Mkojani, na nyuma yake shwari kwa sababu mawimbi mafupi hayakupita.

Lile la sekunde 10, kwa mkondo huo huo wa mita moja, linapanda asilimia 16 tu. Ndiyo maana wimbi kubwa la mbali halibadiliki sana pale, na vile vidogo ndivyo vinavyotesa chombo.

Halafu liweke hili kwenye majira. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki unapanda kaskazini mwaka mzima. Kusi, upepo na mkondo vinakwenda njia moja: mkondo unakuwa mkali, unaweza kufika mita 1.5 hadi 2 kwa sekunde, lakini mawimbi yanayofuatana nao yanarefuka na kulala kidogo. Kaskazi, mkondo unadhoofika kwa kuwa upepo unaupinga, ila mawimbi sasa yanakuja kinyume chake. Ongeza mkondo wa maji kupwa au kujaa juu yake, kwa saa mbili tatu tu, na kizingiti kinavukwa. Sisemi kusi ni salama, kusi ina mawimbi makubwa kwa upepo wake wenyewe. Nasema ukali wa bahari pale haupimwi kwa upepo peke yake, na utabiri unaotoa namba ya upepo na kimo cha wimbi bila mkondo unaacha jambo kubwa kuliko yote ya mahali hapo.

---

Hesabu Tu

Kazi nzuri, ila nina shaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa bahari kila siku. Modeli za dunia nzima zipo. Kwa nini mtu wa hapa ajisumbue kuandika ya kwake?

---

Kilindi

Ndugu, utabiri wa Mamlaka fuateni, wakisema vyombo vidogo visitoke, visitoke. Mimi sizungumzii kushindana nao. Modeli ya dunia ina vijisanduku vya kilomita kadhaa, wakati mwingine makumi ya kilomita. Mkondo unaobanwa kwenye ncha ya kisiwa hauonekani humo, ni sawa na kuitafuta Tumbatu kwenye ramani ya Afrika. Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito: mtu aliyeiandika modeli kwa mkono wake anajua imeacha nini. Anayepokea picha hajui.

---

Mkojani

Nimekuelewa sana. Kwa hesabu hiyo, ile meli ya Spice Islander ilizamishwa na mkondo ule?

---

Kilindi

Hapana, na naomba tuwe waangalifu hapo, wengi humu tuna ndugu waliopotea usiku ule wa Septemba 2011. Uchunguzi ulionyesha meli ilibeba watu na mizigo kupita kiasi. Meli ikijazwa hivyo, hasa mizigo ikiwa juu, kitovu cha uzito kinapanda na uwezo wake wa kujirudisha wima unapungua mpaka unaisha. Fizikia ya hilo inajitegemea, na inaisha bandarini kabla mtu hajaona wimbi. Nisingependa kuona hesabu ya mkondo ikitumiwa kumpunguzia mtu wajibu.

---

Binti Chwaka

Kaka, nataka kuanza. Nina kompyuta ya kawaida na Python. Nianzie wapi?

---

Kilindi

Anza na mstari mmoja, si ramani. Chukua mlango wa Unguja kama mfereji ulionyooka wa kilomita 100, ugawe vijisanduku vya kilomita moja. Kimo cha maji kiweke katikati ya kijisanduku, kasi iweke kwenye mipaka baina ya vijisanduku. Usiviweke mahali pamoja: ukifanya hivyo kimo kinaanza kuruka juu chini kwa kila kijisanduku na huwezi kukizuia. Kila hatua ya muda, kwanza sasisha kasi zote kwa mteremko wa vimo vya jirani, kisha sasisha vimo vyote kwa kasi mpya. Kwenye ncha mbili lazimisha kimo kipande na kushuka kwa saa 12 na dakika 25. Iendeshe siku kadhaa za bahari mpaka mwanzo wake usahaulike. Kama mkondo wa katikati haukutoka dhaifu, tafuta kosa.

Hatua ya muda ina sheria yake, ya Courant, Friedrichs na Lewy, ya mwaka 1928: wimbi lisivuke kijisanduku kizima ndani ya hatua moja. Ukija baadaye kwenye ramani kamili kwa vijisanduku vya mita 500, mlango wa Unguja wenye mita 30 unaruhusu hatua ya karibu sekunde 29. Ingiza Mlango wa Pemba kwenye ramani hiyo hiyo, hatua inashuka chini ya sekunde 6, kwa ramani nzima. Kilindi cha Pemba kinaamua mwendo wa kompyuta yako hata unapohesabu Chwaka. Kwenye ramani ya pande mbili punguza zaidi kidogo.

Vina vya bahari vipo bure kwenye GEBCO, gridi ya vina vya bahari za dunia nzima, takriban mita 450 kwa kila nukta. Kwenye maji marefu inafaa. Karibu na miamba usiiamini, namba nyingi pale zimekisiwa baina ya vipimo vilivyo mbali. Hapo tumia chati za baharini, na watu.

Ukishaweka wimbi la mwezi, ongeza la jua, ambalo muda wake ni saa 12 kamili. Mawimbi mawili hayo yakikutana na kuachana ndiyo yanayokupa bamvua na maji mafu kila siku 14 na robo tatu hivi. Halafu jaribio ambalo kila mtu wa pwani anaweza kukusahihishia: bamvua kwetu maji hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne. Modeli yako ikijaza bandari ya Malindi hapa mjini Unguja saa saba siku ya mwezi mpevu, usimwoneshe mtu.

Na ukitaka kuingiza ule mkondo mkubwa unaopanda kaskazini miezi yote, hapo rudisha Coriolis. Nimeiacha kwa kujaa na kupwa kwa sababu kunabadilika haraka. Kitu kinachodumu wiki na miezi kinapindika hata kwa digrii 6.

---

Nahodha wa Magharibi

Nataka kukusaidia. Wavuvi wa huku kwetu wanakwenda pale kwenye mkondo wa kaskazini kila siku. Utataka tukuandikie nini?

---

Kilindi

Mzee wangu, mambo manne tu, kwenye daftari lolote. Siku ya mwezi, mnavyoihesabu wenyewe. Saa ambayo maji yanasimama pale mlipo, si ufukweni. Upepo unatoka wapi. Na kama mawimbi yamesimama, yalianza saa ngapi na yakalala saa ngapi. Kimo msikisie, mkiwa ndani ya mashua kila wimbi ni kubwa. Saa ndiyo ninayoihitaji, kwa sababu modeli yangu inasema mawimbi yanasimama mkondo ukivuka fundo mbili na kulala ukishuka, na saa zenu zitaonyesha kama nimeuweka msuguano sawa au la. Majira ya kaskazi ndiyo yafaayo zaidi kuanza. Daftari likijaa mtu alipige picha kwa simu, nitaziingiza na kurudi hapa na mchoro wake.